Isale Lililokwenda Sanya Juu

Mtu aliyenirudishia akili zangu ndiye aliyemrudisha dada yangu kwa mume aliyekuja kumvunja mkono. Nimejaribu kulisema jambo hilo kwa upole zaidi nikashindwa, kwa hiyo naanza nalo. Watu wa kikao chake wakisoma hapa watakasirika. Wakasirike tu. Wengi wao nawashonea nguo, na hapa Njoro hawatampata fundi mwingine anayejua kukata gauni likaficha kitambi.

Mtu huyo alikuwa tabibu wa zahanati, zamani. Alifukuzwa kazi kwa ulevi, akarudi mlimani kwenye kihamba cha baba yake, akakaa humo katikati ya migomba na kahawa mpaka pombe ikamtoka mwilini bila msaada wa mtu. Alipopata nguvu alianza kuwakusanya walevi wenzake kwenye banda la zamani la kukobolea kahawa. Hakuwa na dawa. Kulikuwa na mabenchi, chai ya maziwa na sheria chache. Usimpe mwenzako ushauri. Usimkatize. Na useme kwa Kichagga, kwa sababu, alivyosema yeye, Kiswahili tumekizoea ofisini na kanisani, mtu anaweza kujificha ndani yake mpaka azeeke. Walikuja Walutheri, wakaja Wakatoliki, wakaja hata wale ambao huwaoni kanisani ila siku ya kuzikwa. Baadaye vikao vilienea hadi Tarakea, na vijana wa chuo walikuwa wanapanda mlima kuja kumhoji. Sisi tulimwita Baba. Alipenda kuitwa hivyo. Alipenda mno, na wageni wenye kamera walipokuja alikuwa anavaa koti lake zuri na kuongea polepole kama askofu.

Mimi nilifika kwake nikiwa si mtu. Mwanangu wa pekee alikuwa mpagazi wa mlimani. Alipanda na wageni akiwa na kikohozi, akashushwa kwa machela, na nilipoitwa kwenda kumtambua nilienda, nikarudi, nikaanza kunywa gongo. Mwanamume akilewa huku kwetu watu wanamcheka, wanamtania, wanamsindikiza nyumbani. Mwanamke akilewa wanafunga mlango. Cherehani yangu ilijaa vumbi, wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao bila kunisemesha. Aliyenivumilia ni dada yangu mkubwa. Ndiye aliyeniogesha, akanivalisha, akanipandisha mlimani huku nikimtukana njia nzima.

Kila mtu alikuwa ameniambia pole. Baba hakuniambia pole. Alivuta kigoda akaketi chini kuliko mimi, akakaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza kwa Kichagga, "Asubuhi ile alikula nini?"

Nilidhani ni kichaa mwenzangu. Halafu nikajikuta najibu. Mtori wa ndizi wa jana yake, nimeupasha moto, na hakuumaliza kwa sababu gari lilikuwa nje linapiga honi. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba hakuumaliza. Niliongea mpaka jua likahama kutoka mlango mmoja wa banda hadi mwingine, na yule mzee hakukohoa, hakutazama saa, hakunishika bega. Alikuwa ananisikiliza tu kwa mwili mzima. Nimewahi kuhudumiwa na madaktari wazuri, lakini sijawahi kusikilizwa namna ile, na sitegemei kusikilizwa hivyo tena. Nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Niliacha gongo. Nilifuta vumbi kwenye cherehani. Anayetaka kuniambia mtu yule alikuwa tapeli aje kwanza aniambie ningekuwa wapi leo.

Alikuwa na kasoro zake, tulizijua na tukazichekea. Alikuwa haimbi vizuri na hakuna aliyethubutu kumwambia. Ukimpinga anakununia hadi umwombe radhi. Kuna siku nilikwenda kwenye semina ya wanawake ya usharika mwingine, nikamkuta amesimama mbele anasimulia habari za "mama mmoja wa Njoro" na bakuli la mtori ambao haukumalizwa. Kina mama walilia kwa kwikwi. Mimi nilitamani kumrushia kiatu. Nilipomkabili nje aliniambia, "Mwanangu, uchungu wako unaponya wengine," kwa sauti ya mtu ambaye amenipa zawadi. Nilikasirika, nikasamehe, nikaendelea kwenda. Hilo lilikuwa langu kusamehe.

La dada yangu ni tofauti, na ili lieleweke lazima nieleze kuhusu isale.

Isale ni mmea wa majani marefu usiokauka, tunaupanda kwenye mipaka ya vihamba na kwenye makaburi. Lakini pia ukimkosea mtu kosa zito, unampelekea isale, na akishapelekewa hakatai, hata kama ni damu imemwagika. Bibi yangu aliogopa kukataa isale kuliko alivyoogopa radi. Ila bibi huyo huyo alinieleza kwamba zamani isale lilikuwa linakuja mwisho. Wazee walimkalisha mkosaji kwanza, wakamhoji, wakamtoza, wakampima kama amebadilika, na aliyekosewa akaulizwa anataka nini. Ilichukua hata misimu miwili ya kahawa. Ndipo isale likatoka.

Baba alilichukua hilo la mwisho akalifanya la kwanza. Mtu akikiri kosa lake kikaoni leo, anakata isale leo leo, anampelekea aliyemkosea mbele ya watu wote, na aliyekosewa anapokea. Hiyo ndiyo iliyokuwa tiba yenyewe, na sina budi kusema kwamba iliponya. Nimeona wanaume waliokuwa wanatetemeka wakilala usingizi siku hiyo kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Iliwaponya waliokosa. Waliokosewa hatukuwauliza.

Dada aliona nilivyopona. Mumewe alikuwa mlevi na alikuwa anampiga, kwa hiyo akamsihi naye aje. Alikuja, na kusema kweli alikiri vizuri. Alilia hadi kamasi zikamdondoka kwenye shati. Akatoka, akakata isale mpakani, akarudi nalo, akapiga magoti mbele ya dada. Dada alilitazama lile jani, mikono iko mapajani, haiendi. Baba akasimama nyuma yake, akamwekea mkono begani.

"Pokea, mama," alimwambia. "Nani umewahi kumsikia akakataa isale?"

Dada akapokea. Tukapiga vigelegele.

Shemeji aliacha pombe. Hilo nalo ni kweli, na Baba alikuwa anamtaja mbele ya wageni kama mfano. Kitu ambacho hakutaja ni kwamba alianza kumpiga dada akiwa na akili zake timamu, na akishampiga anakuja kikaoni na isale jipya. Masale ya mpakani kwao yakaanza kuwa na mapengo. Dada anapokea, watu wanashangilia, wanarudi nyumbani. Hadi siku alipomvunja mkono kwa mchi, naye akiwa mjamzito, na mimba ikatoka.

Alikwenda kwa Baba mkono ukiwa kwenye plasta. Mimi sikuwepo, alinisimulia mwenyewe baadaye, akichambua maharage kwa mkono mmoja, bila hata chozi. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza mimi. Kisha akasema, "Mama, ulipokea kwa mkono, hukupokea kwa moyo. Ungepokea kwa moyo, mumeo angepona."

Dada hakurudi kwa mumewe na hakurudi kikaoni. Alihamia Sanya Juu, akaanza kuuza viazi na maharage sokoni, akapata kiwanja kidogo akajenga vyumba viwili. Kiwiko chake hakinyooki. Anajitwika ndoo kwa mkono mmoja. Mimi niliendelea kwenda kikaoni na yeye alijua, na hakuwahi kunikataza.

"Ile ni dawa yako, kunywa," aliniambia. "Mimi ilinidhuru."

Mwaka jana Baba aliugua ini. Watu walipanda kumwona kwa foleni, na mimi nilipopanda nilikuta ameniulizia. Mke wake ndiye aliyenifungulia mlango. Huyu mama ni mwembamba, mtulivu, mwenye mkono mzuri wa chai, na miaka yote ile ya vikao sikumwona amekaa kwenye benchi hata siku moja. Ukimkaribisha anakuambia maziwa yatafurika jikoni. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akanionyesha chumba, akatoka.

Baba alikuwa amekauka, macho ya manjano. Pembeni ya mto alikuwa ameweka isale, si jani tu, kichwa kizima na kikonyo chake.

"Nimemkosea dada yako," alisema. "Mpelekee."

Sikuwahi kumsikia akikiri kosa lake. Halafu nikagundua kilichonikera. Alikuwa amesema kwa Kiswahili.

"Baba," nilimwambia, "sema kwa Kichagga."

Alifumba macho. Nilisubiri. Nilimsubiri kama alivyonisubiri mimi siku ile na kigoda chake, na nilikuwa tayari kusubiri mpaka jua lihame. Hakusema. Nililichukua isale, nikalifunga kwenye gazeti, kwa sababu alikuwa anakufa na nilikuwa nampenda.

Sanya Juu nilimkuta dada ametoka sokoni, anaosha miguu. Nilimwekea kile kifurushi mbele yake na kumwambia kilikotoka. Hakushtuka. Alikifungua, akaligeuzageuza lile isale kama mtu anayenunua mboga.

"Alilia?" aliniuliza.

"Hapana."

"Afadhali. Wakilia ndiyo hatari."

Akanyanyuka, akachukua panga, akaenda nyuma ya nyumba ambako kiwanja chake kinapakana na cha jirani. Alichimba kishimo kwa mkono wake mzima, akalisimamisha isale humo, akashindilia udongo kwa kisigino. Akalimwagia maji aliyooshea miguu.

"Mwambie nimelipokea," alisema. "Nimeliweka mpakani. Asivuke."

Nilirudi mlimani na maneno hayo nikayatoa kama yalivyo. Ningeweza kuishia kwenye "amelipokea," na yule mzee angelala vizuri. Nilifikiria hivyo njia nzima. Lakini ni yeye aliyenifundisha nisimalizie maneno ya mtu mwingine. Alinisikiliza, akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. "Dada yako ni Mchagga kuliko mimi," alisema, na safari hii alisema kwa Kichagga. Akageukia ukutani. Sijui alielewa kiasi gani. Hakukaa sana, akafariki.

Siku mbili kabla ya mazishi mwenyekiti wa kikao alikuja dukani kwangu. Ni mwalimu mstaafu, mtu mwema kwa kweli, alikesha na mimi nyakati zangu mbaya. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akasema wamekubaliana mimi ndiye nitakayetoa neno la shukrani kwa niaba ya wote walioponywa.

"Na useme habari ya isale," aliongeza. "Watu wamesikia dada yako amelipokea. Marehemu asizikwe na neno juu yake."

"Amelipanda mpakani, mwalimu. Unajua maana yake."

"Kupokea ni kupokea."

"Hajamsamehe."

Alikunja kofia yake magotini. "Kikao bila Baba ni kama nyumba bila nguzo sasa hivi," alisema. "Vijana wameanza kurudi kwenye vilabu tangu alipolala kitandani. Wakisikia kuna mtu alikataa isale lake, nani atakubali la mwenzake? Ukikibomoa kikao, na wewe utakwenda wapi siku ukizidiwa?"

Hakuwa ananitisha. Alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana nilipata woga. Kiu ya gongo haijafa ndani yangu, imelala tu, na kila Jumamosi ninapokaa kwenye lile benchi ndipo ninapoilaza tena. Wakinitoa pale sina pengine.

Nilimpigia dada simu. Nilitegemea atakuwa mkali, ningepata wa kugombana naye. Alikuwa na huruma, na hiyo ilinimaliza.

"Msifu," alisema. "Alikuponya, nani atakukatalia? Nilikubeba mwenyewe kukupeleka. Ila usiniingize kwenye msamaha wake, mdogo wangu. Mkono wangu alichukua yule mwanamume, mimba alichukua, nyumba alichukua. Hapana yangu ndiyo niliyotoka nayo. Msije mkanichukulia na hiyo mkaizika naye."

Mvua ya masika ilinyesha siku ya mazishi. Turubai zilijaa maji, vijana wakawa wanazisukuma kwa miti, na kihamba kizima kiligeuka tope. Walikuja watu ambao sikuwahi kuwaona, wenye magari makubwa, na wengine waliotembea kutoka vijiji vya juu wakiwa peku, viatu mkononi. Walimsifu, na mimi nililia kweli, kwa sababu kila walichosema nilikuwa nimekiona. Ilikuwa haki yake. Mtu mmoja alisimama na watoto wake watatu, akasema tu, "Hawa wananijua kwa sababu yake," akakaa.

Kisha nikaitwa. Nilishika kipaza sauti nikasema kwa Kichagga. Nilisema habari ya mwanangu, na mtori, na kigoda, nikaisimulia mwenyewe safari hii. Nilisema kwamba bila yeye ningekuwa marehemu kabla yake. Mwenyekiti alikuwa ananitazama, anaitikia kwa kichwa taratibu kunitia moyo, anasubiri.

"Na mtu huyu huyu," nilisema, "alimlazimisha dada yangu kupokea isale la mtu aliyekuwa anamuua, na alipovunjwa mkono akaambiwa kosa ni la moyo wake. Alimtumia isale akiwa kitandani. Dada yangu hajamsamehe. Nimekuja kumzika Baba nikiwa nampenda, na sitasema uongo juu ya kaburi lake. Na nyie mnaoendelea na kikao, nawaomba kabla hamjamwambia mtu apokee, muulizeni kwanza…"

Kwaya ikaanza kuimba. Nani aliwapa ishara sijui. Niliendelea kusema maneno mawili matatu, lakini spika zilikuwa zao. Mshereheshaji alinipokea kipaza sauti kwa heshima kabisa, kama unavyompokea mgonjwa kikombe. Niliporudi kwenye benchi, wale kina mama niliokaa nao miaka yote walikuwa wamesogea na kulijaza. Nilisimama. Nilisimama hadi jeneza likashuka, hadi kaburi likafukiwa, maji yakinichuruzika mgongoni, na nilimlilia yule mzee kwa sauti huku nikijua kwamba hakuna anayetaka kunisikia nikimlilia.

Watu walipokwenda kwenye chakula mimi nilizunguka nyuma ya jiko nitafute njia ya kushukia. Mjane akanikuta hapo. Alikuwa amejifunga kanga juu ya gauni jeusi, ameshika sahani ya ndizi nyama, na nilijua anachokuja kuniambia. Nikamtangulia.

"Mama, unisamehe. Haikuwa siku ya kusema yale."

"Dada yako," alisema, "kweli hajalipokea?"

"Amelipanda mpakani, Mama. Hajamsamehe."

"Mwambie asilipokee."

Nilidhani nimesikia vibaya kwa sababu ya mvua. Alisogea chini ya paa karibu yangu, akaongea kwa sauti ya chini, sauti ile ile aliyokuwa anaulizia nani hatumii sukari.

"Mimi nililetewa mpaka nikaacha kuhesabu. Jikoni humu, ninyi mmeshakaa bandani mnasubiri aje kuwaponya. Anaingia nalo, anapiga magoti, nami naona bado mkono wake unatetemeka kwa jinsi alivyonipiga. Ningesema hapana, angetoka na uso gani mbele yenu? Mngekwenda wapi wote ninyi?" Alitazama upande wa banda. "Wewe ulikuwa umeanza kupona. Nilikuwa nakuona kupitia dirishani."

Aliniwekea sahani mikononi.

"Kula, mwanangu," alisema. "Nyama hii ikipoa haiingii."

Nikala, kwa sababu alikuwa amesimama pale ananitazama.